Gari la baba lilijua kabla yetu

Mwezi Machi mwaka huu gari la baba lilizimika katikati ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro. Aliyewahi kupita pale muda huo hahitaji maelezo. Nyuma yetu daladala zilipiga honi, mbele mkokoteni wa mahindi mabichi ulikuwa umeziba njia, na dereva wa bajaji alitoa kichwa akatupa maneno ambayo ukurasa huu wa familia hauwezi kuyachapa. Wabeba mizigo wawili walitua magunia yao wakatusukuma hadi pembeni. Baba hakushuka. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, kama vile ni foleni tu iliyosimama.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla DX, ile ya boksi ambayo mafundi huiita KE70. Ilitengenezwa mwaka 1982. Baba aliinunua mwaka 1993 ikiwa imeshatumika, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Imetupeleka shule, imebeba maharusi watatu wa ukoo, imesafirisha misiba hadi Tanga na Morogoro. Mama huiita mke mwenzake, na huwa hacheki anaposema hivyo.

Jioni ile tulikaa kikao. Kaka yangu mkubwa, aliye Dodoma, alishiriki kwa simu. Hoja yake ilikuwa fupi: liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, tuchange, tumnunulie mzee IST. Mdogo wangu wa kiume alimuunga mkono. Mimi nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa upande wao. Mama alisema yeye hana la kusema, akasema mengi.

Baba alisubiri wote tumalize. Kisha akasema, "Injini imekufa. Gari halijafa."

Hapo kikao kikaisha.

Chai ya maziwa ndani ya injini

Fundi wetu ana gereji Gerezani, uchochoro mmoja tu kutoka kwenye maduka ya spea. Ni mtu mzima, umri wake na wa baba unakaribiana, na amelishika gari lile kwa zaidi ya miaka 15. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshachomoa kijiti cha kupimia oili. Akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia," alisema. "Mzee amekuwa akiendesha rejeta inavuja, anajaza maji ya bomba, anaendelea. Injini imechemka mara nyingi hadi hedi imepinda."

Alinifundisha kusoma moshi, somo ambalo kila mwenye gari la zamani analihitaji. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa imepata joto ni dalili kwamba maji yanaungua ndani. Moshi wa bluu ni oili inayopita kwenye ringi za pistoni au kwenye vavu. Moshi mweusi ni petroli inayoingia nyingi kuliko hewa. Gari la baba lilikuwa na wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Alipopima mgandamizo wa kila silinda, ya tatu ilikuwa karibu haina kitu.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuifumua injini ileile, aina ya 4K: kuchonga silinda, kutia pistoni na ringi kubwa zaidi, kubadili beringi, kunyoosha hedi. Inawezekana, lakini spea za uhakika za injini hiyo sasa ni za kutafuta kwa tochi.

Ya pili ni kufunga injini ya kisasa kutoka Corolla za baadaye, zile zinazopulizia petroli kwa umeme badala ya kabureta. Vijana wengi huipenda. Fundi aliikataa hata kabla sijauliza. Alisema ukifanya hivyo unabadili waya, pampu ya mafuta, gia boksi na mfumo wa kupooza, na bado breki zinabaki zilezile za mwaka 1982. "Breki za gari hili zilipigiwa hesabu na injini hii. Ukimpa mzee nguvu asizoweza kuzisimamisha, umemuua."

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua: injini ya 5K. Hii ni ndugu wa 4K, tumbo moja. Familia hiyo ya injini za K ilianza na Corolla ya kwanza kabisa mwaka 1966. Ile ya baba ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,290. Ya 5K ina 1,486, kwa sababu tundu za silinda zake ni pana kidogo. Ilifungwa kwenye LiteAce na TownAce nyingi, ndiyo maana bado inapatikana. Gia boksi ya zamani inaikubali. Kazi iko kwenye mambo madogo: kwenye LiteAce injini inakaa chini ya viti vya mbele, hivyo sampu ya oili na bomba lake la kunyonyea vina umbo tofauti. Unachukua vya injini ya zamani, unavihamishia kwenye mpya.

Kununua injini Kariakoo

Siku mbili nilizunguka na mdogo wangu kuanzia Gerezani hadi Mtaa wa Shaurimoyo. Injini zimepangwa nje ya maduka kama mitungi ya gesi, nyingi zimetoka Japani, nyingine zimepitia Dubai. Bei tuliyotajiwa duka la kwanza na ile ya duka la nne zilitofautiana karibu nusu kwa nusu, kwa injini ya aina ileile. Madalali walituita "shemeji" na "boss" kwa wakati mmoja.

Fundi alikuwa ametupa masharti, nami nayaandika hapa kwa faida ya yeyote atakayefuata njia hii. Fungua kifuniko cha oili, angalia chini yake. Ukikuta uji mzito mweusi au utando wa rangi ya maziwa, sogea duka la pili. Chomoa plagi uzitazame rangi. Zungusha injini kwa spana. Izunguke bila kukwama mahali popote. Usinunue iliyopakwa rangi ya fedha ikang'aa, maana rangi huficha nyufa na uvujaji. Dai risiti ya EFD yenye namba ya injini, ili kesho usije ukaambiwa ni ya wizi. Na kubaliana kwa maandishi juu ya siku za kuijaribu.

Kuna jambo wengi hulipuuza. Kadi ya usajili wa gari ina namba ya chesisi, namba ya injini na ujazo wa injini. Ukibadili injini, kadi haisemi tena ukweli. Nenda TRA mapema ukaeleze mabadiliko, gari likaguliwe, taarifa zirekebishwe. Siku ya ajali au siku ya kuuza ndipo utakapojua thamani ya karatasi hiyo.

Nilichodhani ndiyo habari

Nakiri kwamba nilipokuwa nashinda pale gereji, nilikuwa na daftari. Mwandishi wa afya akikaa mahali siku tatu huanza kutafuta makala. Na nilidhani nimeipata.

Kijana mmoja alitaka kuhamisha petroli kutoka kwenye tangi la gari letu. Alitia mpira, akaweka mdomo, akanyonya. Alikohoa, akatema, akacheka. Nilimweleza kwamba petroli ikipita njia isiyo yake na kuingia mapafuni, hata kidogo, huunguza mapafu na kuleta nimonia mbaya inayoweza kuua. Na mtu aliyemeza petroli au mafuta ya taa hatapishwi, kwa sababu katika kutapika ndipo mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Anapelekwa hospitali haraka. Kijana alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Sawa dada." Kesho yake nilimletea pampu ndogo ya mkono ya plastiki, ya bei ya soda chache tu. Anaitumia.

Niliandika pia kuhusu oili iliyotumika, ambayo mafundi hukaa nayo mikononi kutwa. Ndani yake hukusanyika kemikali zitokanazo na kuungua kwa mafuta, za jamii ileile ya masizi. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, aliandika jinsi wasafisha mabomba ya moshi walivyopata saratani ya ngozi kutokana na masizi yaliyoganda mwilini mwao. Dawa ya fundi ni glovu na sabuni. Kunawa kwa petroli, kama wengi wanavyofanya, ni kuongeza sumu juu ya sumu.

Tena tulikuta bomba la ekzosi limetoboka chini ya kiti cha nyuma. Tundu dogo kama hilo huingiza ndani ya gari hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi, halafu akishuka na kupata hewa anapata nafuu. Mama alikumbuka safari za Bagamoyo alizokuwa akilaumu jua.

Daftari lilikuwa limejaa. Nilishaandika hadi kichwa cha habari.

Swali la fundi

Siku ya nne injini ilitolewa. Waliining'iniza kwenye mnyororo, ikatoka taratibu huku ikidondosha maji na oili, ikalazwa juu ya matairi mawili. Fundi alianza kufungua klachi ili aihamishie kwenye injini mpya. Akasimama. Akaita, "Binti, njoo."

Alikuwa ameshika sahani ya klachi. Ilikuwa nyembamba, imelika hadi ribiti zake zinaonekana, na upande mmoja ulikuwa na rangi ya zambarau, rangi ya chuma kilichoungua.

"Hii niliifunga mimi mwenyewe mwezi wa sita mwaka jana," alisema. "Iliyotangulia ilikaa miaka sita."

Mdogo wangu alisema labda ni foleni za mjini. Fundi akatikisa kichwa. Foleni ni ileile ya miaka yote, akasema. Alipitisha kidole nyuma ya injini: sili haikuvuja, hakuna oili iliyolowesha klachi. Alipima urefu wa waya wa pedali: ulikuwa sawa. Akatuonyesha beringi inayosukuma klachi, imekauka na kulia kama kinu cha zamani. Beringi hiyo hufanya kazi pale tu mguu unapokandamiza pedali.

"Mguu wa mzee haushuki kwenye pedali," alisema. "Umelala pale muda wote, na yeye hajui kama upo pale." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, swali ambalo sitalisahau: "Mzee miguu anaisikia?"

Baba ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11 sasa. Anameza dawa zake, anapima sukari, hali chumvi nyingi, anatembea jioni. Sisi wote tulimhesabu kuwa mgonjwa wa mfano. Mimi binafsi kila mwaka, ikikaribia Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, huandika makala kuhusu mguu wa kisukari. Najua kueleza jinsi sukari ya muda mrefu inavyoharibu mishipa ya fahamu, jinsi ganzi inavyoanzia kwenye vidole na kupanda, jinsi mtu anavyoweza kukanyaga msumari asijue. Nimewahoji madaktari. Nimepiga picha za miguu ya watu nisiowajua.

Sikuwahi hata mara moja kuinama nikatazama miguu ya baba yangu.

Nikiwa nimesimama pale, karibu na ile injini iliyolazwa, nilikumbuka kandambili. Kwa karibu mwaka mzima kandambili ya kushoto ilikuwa ikimtoka baba akitembea. Anaiacha mlangoni na kuendelea hatua tatu nne bila habari, na sisi tunacheka, tunasema mzee amezeeka, anaacha viatu kama mtoto. Mama alikuwa akiiokota na kumpelekea. Tulifanya mzaha juu ya dalili.

Uzi wa nailoni

Baba hakutaka kwenda. Alisema kliniki yake ni mwisho wa mwezi, kwa nini aende katikati. Nilimwambia ukweli wote: kwamba aliyegundua si mimi, ni fundi. Alinyamaza. Neno la fundi yule kwake lina uzito kuliko shahada yangu, na siku hiyo sikuona vibaya.

Kwenye kliniki ya kisukari daktari alimvua soksi, akamwambia afumbe macho. Akachukua uzi mgumu wa nailoni uliofungwa kwenye kishikio, ambao hupinda unapokandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Anaugusisha hapa na pale chini ya unyayo, na mgonjwa anasema "ndiyo" kila anapousikia. Kwa mguu wa kulia baba alisema ndiyo mara kadhaa, nyingine akapitwa. Kwa mguu wa kushoto tulisubiri. Uzi uligusa kidole gumba, ukapinda. Ukagusa chini ya vidole, ukapinda. Baba alikuwa amefumba macho, anasubiri waanze.

Kati ya kidole cha nne na cha tano kulikuwa na kidonda. Kidogo, kama punje ya mbaazi, kimelowa. Hakujua kama kipo. Daktari alisema tumefika kwa wakati. Kingekaa wiki chache zaidi bila kuangaliwa, mazungumzo yangekuwa ya aina nyingine.

Dar es Salaam ina historia yake katika jambo hili. Daktari Zulfiqarali Abbas wa hapa jijini na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza mguu wa kisukari, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza katika mradi wa Step by Step, uliofundisha madaktari na wauguzi kuangalia miguu ya wagonjwa kabla haijafika hatua ya kukatwa. Miongoni mwa mambo waliyoyaandika ni wagonjwa wa jiji hili walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wasiamke, kwa sababu hawakusikia maumivu. Nilipowahi kusoma habari hiyo niliiona kama kisa cha ajabu. Sasa naielewa kwa jina la mtu.

Daktari aliagiza pia kipimo cha vitamini B12, kwa kuwa dawa ya metformin ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake nao huleta ganzi. Ganzi ya aina hiyo angalau inaweza kutibiwa. Ile ya sukari kwa kawaida hairudi nyuma. Kinachowezekana ni kuizuia isiendelee na kuulinda mguu.

Halafu baba akauliza swali lililomleta. "Naendesha gari?"

Daktari alisema, "Mzee wangu, mguu wa breki nao umeanza. Kwa sasa hapana."

"Mmeweka injini mpya, mmenitoa mimi"

Injini ya 5K iliwaka Ijumaa moja mwezi wa Aprili, alasiri. Fundi alitumia sampu ya zamani, akarekebisha kabureta, akafunga klachi mpya, rejeta iliyosafishwa na bomba jipya la ekzosi. Alizungusha ufunguo mara mbili. Ya tatu ilishika, ikatulia, sauti yake nyororo kama cherehani. Vijana wa gereji walipiga makofi. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa viatu vya kufungwa na soksi safi kama alivyoagizwa. Alitabasamu. Halafu akainuka, akaenda upande wa kulia wa gari kama alivyofanya kwa zaidi ya miaka 30, akashika kitasa.

Mdogo wangu alikuwa ameshakaa pale.

Baba aliachia kitasa. Alisema bila kupaza sauti, "Kwa hiyo mmeweka injini mpya, mmenitoa mimi."

Hakuna aliyejibu. Fundi alijifanya anafuta spana. Nimeandika makala nyingi za kuwashauri watu namna ya kuzungumza na wazazi waliozeeka, na katika dakika ile sikuwa na sentensi hata moja.

Usiku mama ndiye aliyeingia chumbani kuzungumza naye. Sijui walisema nini. Asubuhi baba alitoka na daftari la zamani la gari, lile analoandika tarehe za kubadili oili tangu 1993, akaandika tarehe ya injini mpya, namba yake na kilomita. Akaniambia nikamalizie habari ya kadi TRA, kwa sababu gari lisilo na karatasi sahihi halitoki nyumbani kwake. Nimeanza kuifuatilia.

Sitasema mambo yameisha. Alfajiri moja nilimkuta ndani ya gari, uani, amewasha injini, geti limefungwa. Alisema anaipasha moto. Nilifungua geti kwanza kwa ajili ya moshi, kisha nikakaa naye kiti cha pili hadi alipozima mwenyewe. Ufunguo bado unakaa kwenye msumari wake uleule. Tulijadili kuuficha, tukakataa. Amekubali mbele yetu kwamba haendeshi, na hadi leo hajaendesha.

Ya kuangalia nyumbani kwako

Kama nyumbani mna mgonjwa wa kisukari, fanyeni haya wiki hii, msisubiri Novemba.

Tazameni miguu yake kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Kama hawezi kuinama, awekewe kioo sakafuni au atazamwe na mtu mwingine. Maji ya kunawa yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu. Miguu ikaushwe vizuri katikati ya vidole. Asitembee peku, hata ndani. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana kokoto ndogo inaweza kukaa humo kutwa bila yeye kujua. Asikatwe sugu kwa wembe, asikandwe kwa maji ya moto. Na kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, kipelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Mwombeni mtoa huduma apime hisia za miguu angalau mara moja kwa mwaka. Ni kipimo cha dakika chache.

Kama mgonjwa huyo anaendesha, sikilizeni gari lake. Klachi inayoisha haraka kuliko zamani, mikwaruzo mipya kwenye bampa, kiatu kinachonasa kwenye pedali, kuchelewa kukanyaga breki. Dalili moja haimaanishi ugonjwa; klachi huisha kwa sababu nyingi. Lakini inatosha kuuliza. Na muulizeni fundi wake, kwa maana yeye huona yale ambayo mzee hawezi kutueleza sisi watoto.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni Kisutu, mdogo wangu akiendesha, baba kiti cha kushoto, mama na mimi nyuma. Pale Mnazi Mmoja foleni ilitukamata. Baba alikuwa kimya muda mrefu, ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza injini. Ghafla akamgusa mdogo wangu gotini.

"Toa mguu kwenye klachi," alisema. "Ukiwa umesimama, weka huru, toa mguu."

Mdogo wangu akautoa. Mama akageukia dirishani. Taa zikawaka kijani, tukaondoka.